TUINUE GHALA KABLA YA MASIKA

Ndugu wanachama na wanakijiji wote,

Kila anayepita ghalani anaiona ile alama ya tope ukutani. Ni ya maji ya Aprili 2024, Mto Rufiji ulipofurika ukaingia vijiji vya Rufiji na Kibiti. Inamfika mtu mzima kiunoni. Wengine wanataka tuipake chokaa ipotee. Mimi nasema iachwe, maana hiyo ndiyo rula yetu.

Kosa langu nalisema mwenyewe. Siku ile daftari la wanachama lilikuwa droo ya chini, na ufunguo ninao mimi. Maji yalipoondoka tulikuta uji wa karatasi. Mpaka leo kuna mama anadai kilo zake za ufuta, nami sina pa kumwonyesha wala pa kumkatalia. Nilijifunza kuandika ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, ili jasho la mtu lisipotee. Likapotea mkononi mwangu.

Hoja iliyo mbele yetu ni kukata fedha kidogo kwa kila kilo ya ufuta, tununue nguzo na mbao, tujenge chaga ya kimo cha kifua ndani ya ghala. Wako wanaosema huko ni kumnyonya mkulima, eti maji yakija serikali italeta msaada. Ndugu zangu, msaada huja nyuma ya maji. Unga wa msaada unaliwa unakwisha. Haurudishi mbegu iliyooza wala hesabu iliyofutika.

Wengine husema mafuriko ni neema, yanaleta rutuba ya kilimo cha mlau. Kweli kabisa! Lakini mlau unataka mbegu, tena mbegu kavu, siku ile ile maji yanapopungua. Wazee wetu walilijua hilo. Bondeni walijenga madungu juu ya nguzo. Mto ukipanda, wao wako juu na chakula chao. Baada ya mafuriko ya 1968 watu walihamishiwa vilimani. Biashara ikaturudisha chini kivukoni, ila dungu tumelisahau.

Wenye maduka, msisubiri kikao. Sukari, chumvi na unga vipande juu sasa hivi. Saruji isikae sakafuni. Na kila nyumba iweke vyeti, kadi za kliniki na vitambulisho katika ndoo moja yenye kifuniko, ya kubeba na kuondoka. Wazee, wagonjwa na waja wazito wapelekwe kwa ndugu mlimani mapema, siyo mpaka mtumbwi utafutwe usiku.

Daftari jipya nimekwisha lipeleka mlimani, na nakala yake iko kwa mweka hazina. Kwenye mkutano mkuu nitanyosha mkono kukubali makato, nami nitakatwa kama wengine. Mwenye kupinga aje tubishane, ni haki yake. Ila kabla hajasema, akasimame kwanza kwenye ile alama ajipime.

Umoja ni nguvu.

Katibu wa Tawi