Nyumba Moja au Kumi na Tano?

Wadau, leo nina hesabu. Siyo ngumu, hata yule aliyekuwa anaruka dirishani kipindi cha hisabati ataiweza.

Mwaka 1998 kimbunga Mitch kiliipiga Honduras, nchi maskini ya Amerika ya Kati. Maelfu walikufa, na familia nyingi zikabaki bila paa. Makanisa ya Amerika ya Kaskazini yakaguswa. Vikundi vya waumini vikachanga nauli, vikapanda ndege, vikaenda kujenga nyumba kwa wiki moja au mbili, vikarudi kwao. Jambo jema, au siyo? Subiri kwanza.

Profesa Kurt Ver Beek wa Calvin, chuo cha Kikristo huko Marekani, ameishi Honduras miaka mingi. Alifuatilia habari hii na utafiti wake ukachapishwa mwaka 2006. Nyumba moja ya wageni hao, ukijumlisha na gharama za safari, ilikula wastani wa dola 30,000. Nyumba iliyojengwa na shirika la Kikristo la wenyeji iligharimu kama dola 2,000. Gawa mwenyewe. Nyumba kumi na tano!

Sasa nauliza: zile familia nyingine kumi na nne zililala wapi?

Najua nitajibiwa kwamba hawa watu wana nia njema. Sawa, sibishi. Lakini nia njema haiezeki nyumba. Nitaambiwa pia kuwa wakirudi makwao wanakuwa wakarimu zaidi, maana wameuona umaskini kwa macho yao. Ver Beek aliliangalia na hilo. Wengi walisema wanatoa zaidi kuliko zamani, ila alipopekua kumbukumbu za michango, mabadiliko yalikuwa kiduchu. Na huyu siyo mpagani anayelichukia kanisa. Ni mtu wa kanisani hasa.

Kazi ya uandishi wa habari imenifundisha kuuliza nani kalipa na nani kafaidika. Hapa aliyefaidika ni msafiri. Karudi na picha, karudi na ushuhuda, karudi na ile fulana yenye jina la safari mgongoni. Fundi muashi wa kijiji kile, mwenye mwiko wake na watoto wa kulisha, kakaa pembeni anamtazama mwanafunzi wa miaka kumi na tisa akijifunza kupanga tofali kwenye ukuta wa mtu mwingine. Hivi ungekubali nyumba ya mama yako iwe darasa?

Na hiyo ni pale ambapo mambo yamekwenda vizuri. Yakienda vibaya kuna Haiti. Januari 2010, wiki chache tu baada ya lile tetemeko, Wamarekani kumi, wengi wao waumini wa Kibaptisti kutoka Idaho, walikamatwa wakijaribu kuwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila vibali. Walisema wanaokoa yatima. Ikaja kubainika kuwa watoto wana wazazi! Kiongozi wa msafara alitiwa hatiani Mei mwaka huo kwa kupanga safari kinyume cha sheria, wenzake wakaachiwa. Geuza kibao: Wahaiti kumi waingie Idaho baada ya mafuriko, wabebe watoto 33 wa Kizungu kwenye basi waelekee mpakani, kisha waseme wametumwa na Bwana. Wangetoka lini gerezani?

Msidhani nimeanzisha mimi kelele hizi. Mwaka 1968 Ivan Illich, padri wa Kikatoliki, aliwaambia uso kwa uso wanafunzi wa Kimarekani waliokuwa wakijiandaa kwenda kujitolea Mexico kwamba wabaki kwao. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, Mkenya, alikwenda Marekani kwenyewe akataka wamisionari na fedha zao visitishwe kwa muda ili makanisa yetu yajifunze kusimama kwa miguu yao. Mwaka 1974 Baraza la Makanisa ya Afrika Yote likalibeba suala hilo mkutanoni Lusaka. Miaka imepita mingi, ndege bado zinatua.

Wapenda mistari watanikumbusha Msamaria Mwema. Haya, tumsome vizuri. Alimhudumia majeruhi palepale njiani kwa sababu alimkuta. Kisha akampeleka nyumba ya wageni, akamlipa mwenye nyumba dinari mbili amtunze, akaahidi kufidia kitakachozidi, akashika njia yake. Alimwamini mwenyeji. Hakwenda kuita ndugu zake ishirini waje kupaka rangi ile nyumba ya wageni.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo. Kabla ya kukata tiketi, mchungaji wa kule ampigie simu mchungaji wa huku, amuulize nyumba moja ni shilingi ngapi na mafundi ni akina nani. Na mchungaji wa huku, tafadhali, aache kuitikia "karibuni sana" kwa kuogopa kuwa akisema hapana mfadhili atanuna. Aseme: nauli hiyo itumeni, sisi mikono tunayo.

Wakikataa kuituma kwa sababu wao hawamo safarini, basi tutakuwa tumejua safari ilikuwa ya nani.