Mwanaume kuvaa sketi kazini: sisi watu wa Pwani tunashangaa nini?

Jamani wadau, picha ya mwanaume aliyeenda kazini na sketi ikitua tu kwenye grupu, matusi yanaanza. "Dume zima!" "Dunia imekwisha!" Hebu tulizeni boli kidogo.

Nenda ufukweni Bagamoyo asubuhi samaki wakishushwa: mvuvi kajifunga msuli, yuko kazini. Shuka hadi Bunju na Tegeta, mlinzi wa Kimasai kakaa getini na shuka lake usiku kucha, na bosi kalala usingizi mnono. Ijumaa kanzu zinaingia mpaka ofisini. Hakuna anayewauliza suruali iko wapi.

Mtaniambia msuli ni vazi la kiume tangu enzi za mababu. Sawa, sibishi. Ila hapo mmekiri wenyewe kwamba anayeamua nguo ipi ni ya nani ni mazoea tu.

Mwaka 2017 kule Nantes, Ufaransa, madereva wa mabasi walinyimwa ruhusa ya kuvaa kaptula kwenye joto kali. Wakatinga sketi, wakaendesha nazo. Mwajiri mwenyewe akalegeza, kaptula zikaruhusiwa.

Bosi ana haki ya kuweka sare. Akiona vazi halifai, amuite mtu wake wayamalize. Lakini kumpiga mwenzio picha kwa siri na kumrusha mtandaoni mpaka akose kibarua chake, hiyo ndiyo aibu yenyewe, hata uwe umevaa suti.

Wewe je, angekuwa wa meza ya pili yako, ungemsalimia au ungetoa simu?