Mwaka wa Maandalizi si Chumba cha Kungojea

Tumechoka kusikia mwaka wa maandalizi ukitajwa kama kwamba ni adhabu ya walioshindwa. Hapa Uganda, kijana aliyemaliza kidato cha sita bila ya kufaulu masomo makuu mawili hufungiwa mlango wa shahada, kisha huonyeshwa dirisha: asome mwaka mmoja, apate Cheti cha Elimu ya Juu, ndipo aombe nafasi. Mwenye umri wa miaka 25 au zaidi anayo njia nyingine, ya mtihani wa watu wazima. Njia hizi ni halali, tena ni za haki. Linalotukera ni namna mwaka huo unavyotumiwa, hasa kwa wale wanaoelekea kwenye sayansi za jamii.

Katika madarasa tuliyoyaona, mwanafunzi hulishwa fasili. Huambiwa maana ya jamii, ya dola, ya tabaka, yote kwa Kiingereza cha kitabu, naye huyakariri kama mtoto akaririye jedwali la kuzidisha. Muulize, basi, kama ukoo wa mama yake ni jamii au si jamii, ananyamaza. Muulize tofauti ya dola, serikali, taifa na nchi. Atadhani unamchezea, kwa kuwa mitaani maneno haya hubadilishana nafasi kila siku. Lakini hapo ndipo somo linapoanzia! Mwananchi anaposema "serikali imetunyang'anya ardhi", anamkusudia waziri, au mwenyekiti wa kijiji, au askari aliyekuja na bunduki? Mwanafunzi asiyeweza kuliuliza swali hilo kwa lugha ya msemaji hataliuliza kwa lugha yoyote.

Madhara yake huonekana baadaye, katika utafiti wa nje. Tuchukue mfano wa soko la Busia, mpakani na Kenya, ambako biashara hufanywa kwa Kiswahili pamoja na lugha za kienyeji. Mwanafunzi anafika na hojaji aliyoiandika kwa Kiingereza, naye anaitafsiri papo hapo, amesimama juani. Anauliza: "Mapato yako kwa siku ni kiasi gani?" Muuza samaki mmoja anataja mauzo yote ya siku. Wa pili anataja faida, baada ya kutoa nauli, ushuru na barafu. Wa tatu anataja kile anachopeleka nyumbani baada ya kulipa deni. Majibu yote matatu yanaingizwa katika safu moja, unapigwa wastani, na takwimu zinatoka safi kama sahani iliyooshwa, nazo ni uwongo mtupu. Kosa hilo halikuanza katika hesabu. Mtu hakufundishwa kwamba mapato, mauzo, faida na kipato ni mambo manne.

Tena kuna neno lenyewe la mahojiano. Polisi huhoji, na mwandishi wa habari huhoji, na mtafiti naye huhoji. Mama wa sokoni aambiwapo kwamba atahojiwa, ana haki ya kukusanya vitu vyake na kuondoka.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za elimu hii. Hao wamesahau historia ya jana. Kabla na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, lugha hii iliwachukua bepari, kabaila na beberu (huyu wa mwisho alikuwa mbuzi dume tu) ikawafanya wachukue mzigo wa nadharia nzima ya uchumi wa siasa, na wakulima wakaijadili mikutanoni. Mtu anaweza kuikubali siasa ile au kuikataa. Hawezi kusema kwamba maneno yalikosekana.

Wengine wanatukumbusha kwamba Kiswahili nchini Uganda kina harufu ya kambi ya jeshi, na kwamba ni Idi Amin aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Hilo hatulikatai, wala hatulifichi. Lakini je, kuna swali bora kuliko hilo la kumpa mwanafunzi wa sayansi za jamii katika juma lake la kwanza? Kwa nini lugha moja iwe ya sokoni Busia, ya askari Kampala, na ya nyumbani Zanzibar? Anayelijibu vizuri amekwisha kuonja elimu yenyewe.

Tunaona haya kulisema, lakini kilima cha Makerere hakina udhuru. Taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki ilianzishwa hapo mwaka 1948, na Kamati ya Kiswahili ilikaa kilimani hapo hapo tangu 1952 hadi 1962, kabla ya kwenda pwani. Majirani wale walipaswa kuoana. Leo tunayo Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 inayokitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022 wa kukitaka kifundishwe kwa lazima shuleni. Na mwaka wa maandalizi, ambamo kijana wa Bukavu mwenye Kifaransa hukaa dawati moja na kijana wa Mbale mwenye Kiingereza, unaendelea kana kwamba hawana lugha ya kusemezana.

Neno moja kwa wenzetu wa chama hiki. Wako kati yetu wanaotaka Kiswahili kiingizwe katika mwaka huo kwa ngeli, methali na ufahamu, kama tulivyozoea. Tunawapinga. Tukiingia na ngeli tutatolewa baada ya muhula mmoja, na tutakuwa tumestahili. Tunaomba saa tatu kwa juma, tukishirikiana na mwalimu wa mbinu za utafiti, na zoezi la kwanza liwe hili: kila mwanafunzi aende sokoni, aulize swali moja la mapato kwa namna tatu kwa watu wale wale, arudi na majibu, ndipo afunguliwe kitabu.