Mustang Haikati Kona? Nani Kawadanganya!

Kuna staa mmoja wa mjini, jina kapuni, kila akitupia picha kaegemea BMW yake lazima awachape wenye ndinga za Kimarekani: eti Mustang na Camaro ni za kunyooka tu, ikija kona zinaishia mtaroni. Laiki zinamiminika, wapambe wanaitikia, kesi imefungwa.

Ushahidi wao ni uleule miaka yote: zile video za Mustang ikitoka kwenye mkusanyiko wa magari, dereva anataka kiki, anakanyaga mafuta, nyuma inachomoka, gari linaparamia ukingo. Hiyo ni kesi ya mguu, sio ya gari. Mwenye papara hata umpe Porsche ataizika.

Gari la kona lipimwe kwenye kona. Marekani kuna mchezo unaitwa autokrosi: wanachukua eneo la maegesho au uwanja wa ndege wa zamani, wanapanga koni za barabarani, kila gari linapita peke yake huku saa inahesabu. Ni kona juu ya kona, muda mwingi uko gia ya pili. Kwa sheria za chama chao kikubwa, SCCA, ukiangusha koni moja unaongezewa sekunde 2. Hapo farasi 400 zisizo na breki na usukani wa maana ni mzigo tu.

Sasa sikia. SCCA hao hao wamewahi kuziweka Mustang GT, Camaro SS na BMW M3 daraja moja, F Street. Kama gari za Kimarekani hazikati kona, wangezipanganaje pamoja?

Zamani wabezaji walikuwa na hoja. Mustang za kawaida zilibaki na ekseli ngumu ya nyuma hadi modeli ya 2014, yaani tairi moja likiruka tuta, mwenzake naye anatikisika. Modeli ya 2015 ikaja na mfumo unaoacha kila gurudumu la nyuma lijitegemee. Camaro ya 2016 ikajengwa juu ya msingi mmoja na Cadillac ATS, sedani iliyoundwa kupambana na BMW 3 Series. Matokeo? Camaro SS ya gia za mkono haifiki kilo 1,700. BMW M4 Competition ya 2021 inazipita. Nani mnene hapo?

Na zile shokapu ambazo mafuta yake yanabadilika ugumu kwa nguvu ya sumaku? Zilianzia kwenye Cadillac ya 2002. Ferrari wakaja kuziweka kwenye 599. Hili wapambe hawaliposti.

Tusidanganyane kwa upande wa pili pia. Porsche Cayman ni nyepesi kwa mamia ya kilo, injini iko katikati, inageuka kabla hujamaliza kuwaza. Mustang ni pana, na kwenye koni zilizobanana upana ni adhabu. Ukitoka kona na V8 huku umekanyaga mafuta kwa hasira, nyuma itakupita. Lakini hiyo ni hoja ya uzito, upana, tairi na dereva. Pasipoti ya gari haimo.

Kinachokera sio staa kupenda BMW. Ni gari nzuri, aendelee kuipenda. Kinachokera ni vijana kufundishwa kwamba nembo ndiyo ujuzi. Matokeo yake mtu anajikamua anunue beji ya Ulaya, tairi zimekwisha, shokapu zinavuja, halafu anamcheka mwenzake aliyejifunza kuvunja mwendo kabla ya kona na kurudisha mafuta taratibu. Siku ya mvua barabarani, beji haimshikilii mtu.

Autokrosi inatibu ugonjwa huo kwa sababu haina wapambe. Unaingia na gari lako la kila siku, unavaa kofia ngumu, unazunguka, saa inasema. Dereva mtulivu na Mustang yake anaweza kumwacha tajiri mwenye gari ghali mara mbili.

Staa wetu ana picha za ndinga zisizo na idadi. Muda alioweka kwenye koni? Sifuri. Aanzie hapo, ndipo azungumzie kona za wenzake.

Povu ruksa.