‘Ukiniacha nakuua’

Mwezi huu nimekuja na mapenzi na damu, kwa hiyo kama unasomea kitandani usiku, acha taa ikiwaka.

Kilichonichokoza ni meseji. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nakula chakula cha mchana na mashosti wa kazini, mmoja akatuonyesha simu yake. Mchumba wake kamwandikia: ‘Siku ukiniacha nakuua, halafu najiua.’ Meza nzima tukacheka. ‘Shosti, umependwa!’ akadakia mmoja. Na mimi nilicheka, nakiri. Ila niliporudi ofisini ikanijia kesi moja ya zamani niliyowahi kuisoma, na kicheko chote kikaniisha.

Kesi yenyewe ni ya Memphis, jimbo la Tennessee kule Marekani, mwaka 1892. Wahusika ni wasichana wawili, Alice Mitchell wa miaka 19 na Freda Ward wa miaka 17. Walisoma pamoja shule ya wasichana, wakapendana. Sizungumzii ushosti wa kusukana nywele. Walipendana hasa, kama wewe na huyo wako. Familia ya Freda ilipohamia Golddust, kijiji kilicho kandokando ya mto Mississippi, mapenzi nayo yakahamia kwenye barua.

Alice aliomba ndoa kwa barua tatu, na mara zote tatu Freda akakubali. Pete ikatolewa. Mpango ulikuwa hivi: Alice akate nywele, avae suti, ajiite Alvin J. Ward, wapande meli ya mtoni mpaka St. Louis, wafunge ndoa, kisha yeye atafute kazi amtunze mkewe. Jina la Alvin lilichaguliwa ili Freda aendelee kumwita Allie kama alivyozoea. Jamani, hapo hata mimi nilitabasamu.

Lakini humo humo kwenye utamu kulikuwa na sumu. Freda alikuwa mchangamfu, akipenda kupiga soga na vijana wa kiume, na Alice usingizi ulikuwa haumjii. Akamwambia kabisa kwamba akivunja ahadi atamuua. Sijui Freda aliisikiaje kauli ile. Nahisi aliisikia kama meza yetu ilivyosikia ile meseji.

Kiangazi cha mwaka 1891 dada mkubwa wa Freda, Ada Volkmar, akaunasa mpango. Usiku waliopanga kutoroka, shemeji mtu alikesha na bunduki. Baadaye pete ikarudishwa kwa mama yake Alice pamoja na barua kali: mawasiliano basi, yaishe! Hebu angalia hapo familia iliogopa nini. Iliogopa aibu, watu watasemaje. Ile kauli ya kuua haikuwa habari kubwa nyumbani kwa yeyote kati yao.

Januari 1892 Freda alikuja Memphis kutembea. Alimwandikia Alice kibarua kwamba bado anampenda, ila amekatazwa kuongea naye. Tarehe 25, Freda na dada yake Jo wakawa wanashuka kuelekea gatini kupanda meli ya kurudi nyumbani. Alice akatokea na kigari cha farasi, ameongozana na rafiki yake, na mfukoni ana wembe wa baba yake. Akashuka, akamfuata Freda, akamkata. Jo alimpiga kwa mwavuli akijaribu kumtoa, naye akajeruhiwa. Freda alikufa kwa majeraha ya shingoni. Alice alikamatwa siku hiyo hiyo nyumbani kwao.

Kama wewe ni mpenzi wa hadithi za upelelezi, najua umeshanuna. Muuaji anajulikana, mashahidi wapo, tena mchana kweupe. Ni kweli, hapa hapakuwa na fumbo la nani kaua. Fumbo lilikuwa kwa nini, na kwa maoni yangu hapo ndipo mji mzima ulipopotea njia.

Mawakili wa familia walitaka ithibitishwe kwamba Alice ni mwendawazimu. Shauri lilisikilizwa Julai 1892, mahakama ikafurika watu. Na ushahidi wa wazimu ulikuwa upi? Kwamba alimpenda msichana mwenzake na kutaka kumwoa! Madaktari wakachimbua mpaka utoto wake: eti alipenda kucheza gololi na kupanda farasi, hakujali wanasesere wala kushona. (Kwa kipimo hicho mimi ningeshafungiwa siku nyingi.) Alice mwenyewe alipopewa nafasi ya kusema, alieleza kwamba alimuua Freda kwa sababu alimpenda. Baraza la wazee wa mahakama, wanaume watupu, likaamua kwamba hana akili timamu. Akapelekwa hospitali ya wendawazimu kule Bolivar, na huko akafia mwaka 1898, miaka 25 tu.

Hapo nabishana nao. Wangeuliza swali jingine kabisa: msichana huyu alitishia kuua, je, nani alimsikia na alifanya nini? Fikiria Alice angekuwa kweli Alvin, kijana wa kiume mwenye suti yake. Nani angemwita kichaa kwa kumpenda Freda? Magazeti yetu tunayajua, yangeandika ‘Amuua mchumba kwa wivu wa mapenzi’ na habari ikaishia hapo. Neno hilo linanikera. Mtu anakata mwenzake shingo, sisi tunampa sifa ya kupenda sana! Pale Memphis waliyaita mapenzi yenyewe ugonjwa, huku kwetu tunauita uuaji mapenzi, na kote kuwili tishio linapita mlangoni limevaa nguo nzuri.

Freda na Alice wamezikwa makaburi yale yale ya Elmwood, Memphis.

Turudi kwa shosti wangu. Jioni ile nilimpigia simu nikamuuliza swali moja tu: umeshawahi kujaribu kumwacha? Akanyamaza, nikasikia televisheni yake nyuma. ‘Mara mbili,’ akasema. Mara ya pili alimkuta jamaa amekaa ndani ya gari nje ya geti lake saa tano usiku, taa zimezimwa. Mezani hakutuambia hilo. Wala sisi hatukuuliza, tulikuwa tunacheka.

Ninapoandika haya amehamia kwa dada yake. Meseji hajaifuta, nimemwomba aitunze aende nayo polisi, na Jumatatu nitaomba ruhusa kazini nimsindikize.