Nani Alitangulia Transylvania? Swali Lisilopaswa Kugawa Ardhi

Kwa zaidi ya miaka 200 wasomi wa Romania na wa Hungaria wamebishana kuhusu nani alitangulia kufika Transylvania. Katika insha hii ninapinga mazoea ya kulifanya swali hilo kuwa msingi wa haki ya ardhi.

Upande wa kwanza husema Waromania ni wenyeji wa tangu kale. Kaisari Trajan aliishinda Dacia mwaka 106, walowezi wa Kirumi wakachanganyika na Wadacia, na vizazi vyao vikabaki hata baada ya Kaisari Aurelian kuondoa majeshi katika miaka ya 270. Upande wa pili humfuata Robert Roesler, aliyedai mwaka 1871 kwamba Waromania walitokea kusini mwa mto Danube, wakahamia kaskazini baada ya Wahungaria kufika. Kila nadharia imemfaa mwenye kuitaka Transylvania. Mwaka 1980 serikali ya Ceaușescu hata ilisherehekea miaka 2050 ya dola ya mfalme Burebista wa Dacia, kana kwamba ndiyo Romania yenyewe.

Lugha inasema nini? Kiromania ni mtoto wa Kilatini: maji ni apă, mkate ni pâine, mwezi ni lună. Hata hivyo, “ndiyo” ni da na rafiki ni prieten, maneno ya Kislavi. Mti unaoitwa brad huitwa bredh kwa Kialbania. Ndugu wa lugha hii, Kiaromania, husemwa Ugiriki, Albania na Masedonia Kaskazini. Ushahidi huo huo kila upande huuvutia kwake. Lugha hutuonyesha ukoo. Haitoi hatimiliki ya shamba.

Sisi tunaosoma Kiswahili mbali na pwani tunaujua mchezo huu. Mara ngapi tumeambiwa Kiswahili ni Kiarabu kwa sababu ya kitabu, sita na saba, ilhali sarufi yake ni ya Kibantu?

Mtu atauliza: tukiacha historia, haki tutaipima kwa nini? Ninajibu: kwa watu walio hai. Mwaka 1791 Waromania wa Transylvania walimwandikia Kaisari Leopold II, wakiomba wahesabiwe sawa na mataifa yaliyotambuliwa nchini humo. Walitaja asili yao ya Kirumi, na ombi lao likakataliwa. Mimi naona hawakumhitaji Trajan hata kidogo. Walikuwa wengi, walilima, walilipa kodi. Hiyo ilitosha.

Na kipimo hicho hicho kinawalinda Wahungaria, takriban milioni moja, wanaoishi Romania leo. Shule zao na lugha yao ni haki yao hata kama babu zao walifika wa pili, au wa kumi. Wanahistoria na waendelee kutafuta asili ya Waromania, maana ni elimu tamu. Wasiigeuze kuwa mahakama ya ardhi.