Troli ya Smokie Imeundwa Kukimbia

Wiki hii watu kama watano wamenitumia picha moja. Ni kioski kidogo cha magurudumu kimechorwa kwa kompyuta: paa la sola, mbao za rangi ya asali, maua yananing'inia pembeni, na dada anacheka akimpa mteja kahawa. Kila aliyeituma anauliza swali lile lile: "Si tao ingekaa poa na hizi?"

Ingekaa poa sana, sikatai. Lakini aliyechora hiyo kitu hajawahi kusukuma troli.

Mimi nimesukuma. Nilipomaliza fomu four nikisubiri matokeo, nilikaa miezi mitatu nikimsaidia binamu yangu kuuza smokie na mayai Kawangware, karibu na steji ya 46. Alikuwa na nafasi yake mbele ya duka, na mwenye duka alikuwa anamjua. Troli yake ilikuwa kubwa, manze. Ilikuwa na mwavuli, mtungi wa maji wa lita 20 wenye mfereji, sabuni, ndoo ya takataka na kabenchi ka wateja. Kachumbari ilikaa kwenye bakuli lenye kifuniko. Hakuna mtu alimwambia aweke hizo vitu. Aliziweka juu alijua kesho atakuwa hapo hapo.

Baadaye akahamia tao, upande wa Tom Mboya, kwa sababu wateja wa jioni ni wengi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kupeleka troli kwa fundi akatwe. Rafu ya mtungi ikatoka, benchi ikabaki nyumbani, mwavuli pia. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa swali: "Wewe ushawahi kukimbia na lita 20?"

Hesabu ni rahisi. Lita 20 za maji ni kilo 20. Ukiongeza jiko, sufuria na trei mbili za mayai, huwezi kukata kona na hiyo mzigo askari wakitokea. Kwa hivyo maji ndiyo ya kwanza kuachwa. Halafu sisi tunakula, tunaumwa na tumbo, tunasema wauzaji wa tao ni wachafu. Jamaa ni yule yule na smokie ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa anauza akiwa tayari kutoroka.

Jioni moja mtu alipiga mbinja. Barabara nzima ikainuka, tukakimbia kuelekea Latema. Gurudumu likaingia kwenye mtaro, troli ikalala, na sufuria ya maji moto ikamwagikia mguu wa binamu yangu. Kovu liko mpaka leo. Na unajua nini? Hakukuwa na mtu anatufukuza. Ilikuwa uoga tu.

Ndiyo maana nikiona kioski cha sola na maua, swali langu huwa moja: hii kitu itasimama wapi, na nani amesema inaweza kusimama hapo? Mimi nasema tuanze na nafasi, troli nzuri itafuata.

Na nafasi inaweza kupatikana. Luthuli ya zamani mnaikumbuka? Matatu, spika, watu wakipita kwa ubavu. Mwaka wa 2019 kaunti, ikisaidiwa na UN-Habitat, iliigeuza: magari yakapunguziwa nafasi, watembea kwa miguu wakaongezewa, miti ikapandwa na viti vikawekwa. Barabara haikuongezeka hata inchi. Iligawanywa tu upya. Kama gari lililoegeshwa linaweza kuchorewa mistari yake na kulipiwa kwa siku, kwa nini troli isichorewe? Mraba mdogo wenye namba, malipo ya siku kwa M-Pesa, na mfereji wa maji karibu.

Sasa najua kuna mtu anataka kuniambia kuhusu Moi Avenue saa kumi na mbili jioni. Ndugu, uko sahihi. Nimeona mama mwenye mtoto mgongoni akishuka kwenye lami kati ya matatu kwa sababu njia ya miguu imejaa nguo na viatu. Mtu wa kiti cha magurudumu hata hawezi kujaribu. Mwenye duka anayelipa kodi na leseni ana haki ya kulalamika mlango wake ukizibwa. Lakini hayo ndiyo malalamiko ambayo mistari inajibu. Mraba unamwambia muuzaji mahali pa kukaa, na pia unamwambia mahali pa kutokanyaga. Na ndiyo, wengine watakosa mraba. Lakini afadhali tubishane kuhusu nani anapata, kuliko kila jioni kuamuliwa na mwenye mbio.

India walipitisha sheria ya wachuuzi mwaka wa 2014. Inataka kila mji uwe na kamati ya kupanga maeneo ya kuuzia, na angalau asilimia 40 ya wanakamati wawe wachuuzi wenyewe. Utekelezaji haujakuwa laini kila mahali, lakini angalau mwenye troli yuko mezani. Sisi tuliambiwa mapema zaidi. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya mwaka wa 1972, ilisema hizi kazi ndogo za mtaani zina faida kwa uchumi na zikome kusumbuliwa. Hiyo ni zaidi ya miaka 50. Babu zetu walikuwa vijana.

Nafasi ikishapatikana, sasa tuongee muundo, na tuongee kwa akili. Sola ni nzuri kwa taa na kuchaji simu. Balbu ya wati 5 ikiwaka saa nne inakula wati-saa 20 tu, betri ndogo inatosha. Lakini paneli inayotoshea juu ya troli ni kama wati 100, na koili ya umeme ya kupikia inaweza kutaka 1,000. Kwa hivyo usinidanganye na paa la sola linalopika. Smokie na mayai yaliyochemshwa nyumbani yanahitaji tu kubaki moto, na sanduku lililozibwa vizuri kuzuia joto lisitoke litaokoa makaa kuliko paneli yoyote. Magurudumu yawe makubwa ya kutosha kupanda ukingo wa lami. Na chuma kiwe cha kawaida, kile fundi wa Kamukunji au wa Kawangware anaweza kuchomelea asubuhi, saa nne uko kazini. Kioski cha plastiki ngumu kutoka ng'ambo kikipasuka, biashara imeisha. Hicho hakina uendelevu wowote, hata kikipakwa rangi ya kijani.

Na usisahau usiku. Binamu yangu hulipa kila siku troli ilale stoo. Mchoro wowote usioonyesha kioski kinalala wapi haujaisha.

Hebu mnaosomea usanifu, kabla mchore kingine, nendeni msukume troli wiki moja. Hata siku moja. Halafu mchore tena.

Binamu yangu bado yuko tao. Juzi nilimuuliza, akipewa mraba wenye jina lake, kitu cha kwanza atanunua ni nini. Hakufikiria hata sekunde.

"Mtungi."